Panda Nyanya Ufundishe Imani: Kutoka Kitalu Mpaka Mavuno

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Huu mwongozo ni wa mtu yeyote anayetaka kujifunza au kufundisha imani kwa kutumia bustani, uwe mzazi nyumbani, mwalimu wa sande skuli, kiongozi wa jumuiya, au wewe mwenyewe tu na katuta kako nyuma ya nyumba. Nimechagua nyanya kwa makusudi. Mchicha ni rahisi, wiki tatu nne umeshachuma, ila mchicha haupogolewi, haufungwi kwenye mti, na haukufundishi kusubiri. Nyanya inakaa na wewe miezi mitatu na nusu mpaka minne toka mbegu iingie kitaluni, na ndani ya muda huo utakutana na karibu kila kitu ambacho Biblia inakitaja ikizungumzia shamba: udongo mbaya, samadi, magugu, adui anayekuja usiku, kukatwa matawi, kungoja mvua, na wakati mwingine kukosa kabisa.

Andiko la kubeba msimu mzima ni 1 Wakorintho 3:6, "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu." Pale Korintho watu walikuwa wamegawanyika, huyu anasema yeye ni wa Paulo, yule ni wa Apolo, na Paulo akawarudisha shambani. Wengi wetu tunausoma huu mstari nusu nusu. Kuna wanaoishia kwenye kukuza ni Mungu basi wanakaa tu hawashiki jembe, na kuna wanaoishia kwenye nilipanda basi wanajibebesha kila kitu, mtoto akiacha kanisa wanaona ni wao wameua. Bustani inakuonyesha mpaka uko wapi, kazi yako inaishia hapa, kazi ya Mungu inaanzia hapa. Kwahiyo kila hatua jiulize, hapa langu ni lipi na lipi silo langu. Hilo tu ukiondoka nalo msimu mzima inatosha kabisa.

Alafu sheria moja kwa wanaofundisha: kazi kwanza, andiko baadaye. Usiwapange watoto au wanajumuiya mstari ukaanza kuhubiri huku jembe limeegemea ukuta. Washike udongo, wachoke kidogo, ndio mkae kivulini msome. Mtu ambaye ametoka kung'oa ndago nusu saa hahitaji maelezo mengi juu ya miiba iliyosonga mbegu.

Udongo

Kabla hamjalima fanyeni hili zoezi, linachukua dakika kumi. Chukua kopo la maji, mwaga kwenye njia inayokanyagwa na watu kila siku, muangalie. Maji yanakimbia, yanateremka pembeni, chini pamelowa juu juu tu. Kopo la pili mwaga sehemu ambayo imeshalimwa na kutiwa samadi. Yanazama hapo hapo. Sasa someni Marko 4 ule mfano wa mpanzi. Katika nchi ile njia za watu zilipita katikati ya mashamba, ndo maana hata wanafunzi walikuwa wakipita kwenye ngano wakivunja masuke, na sehemu nyingi udongo ni mwembamba umelala juu ya mwamba. Yesu anasema mbegu ya kwenye mwamba iliota mara, kwa kuwa udongo hauna kina. Hapa simama na watu wako kidogo. Kuota haraka sio dalili ya kina. Mtu ameokoka Jumapili, Jumatatu tumeshampa kipaza sauti, Jumatano ni kiongozi wa maombi, na mizizi yake hakuna aliyeiangalia.

Tuta la nyanya lilime kina cha sentimita 30 hivi, vunja mabonge, toa mawe. Na kama eneo lina ndago, hapo utumie muda. Ndago ukiikata juu kwa jembe ndani ya siku chache imerudi, maana chini ina vile viini vyeusi vigumu kama punje, vimeunganishwa na uzi mwembamba mmoja kwa mwingine, na ukivuta kwa nguvu uzi unakatika kiini kinabaki. Inabidi uchimbe kwa uma au kijiti, ufuate uzi taratibu mpaka ukitoe kiini chenyewe ukiweke kwenye ndoo, sio ukitupe pembeni ya tuta kitaota tena. Mpe kila mtu kipande chake cha tuta achimbe ndago zake. Toba nyingi tunazofanya ni za kukata juu, tumeacha matusi lakini uchungu uliokuwa unazaa matusi tumeuacha chini, na baada ya mwezi tunashangaa yametoka wapi tena. Waulize watu wako, bila kuwalazimisha kujibu kwa sauti, kiini chako kiko wapi.

Samadi

Yule mtunza shamba wa Luka 13 aliuombea mtini uachwe mwaka mmoja zaidi aupalilie na kuutia samadi. Miaka mitatu mwenye shamba anakuja hakuti kitu, na bado kuna mtu anasema ngoja kwanza. Napenda sana kwamba hakuomba tu uachwe, aliahidi na kazi ya mikono yake. Ukimuombea mtu ambaye hazai, jiulize na samadi utabeba wewe au nani.

Ila samadi lazima iwe imeoza. Samadi mbichi kutoka zizini au bandani kwa kuku inaunguza mizizi, miche inakauka wakati udongo una maji. Jinsi ya kujua imeiva: ingiza mkono katikati ya lundo, kama kuna joto bado, kama inanuka mkojo bado, ikiwa nyeusi, imepoa, inamung'unyuka mkononi na inanukia kama udongo wa msituni, hiyo tayari. Kwa kawaida miezi mitatu hivi, ukiigeuza geuza na kuifunika.

Na hapa nina jambo linaloniuma. Mambo mabaya yaliyotupata Mungu anaweza kuyageuza yakalisha wengine, naamini kabisa, Yusufu aliwaambia ndugu zake hivyo hivyo kwenye Mwanzo 50. Lakini Yusufu alisema maneno yale baada ya miaka mingi sana. Sisi makanisani mama amefiwa juzi, Jumapili tunamsimamisha atoe ushuhuda kwamba Mungu ni mwema, analia mbele za watu, tunapiga makofi. Hiyo ni samadi mbichi. Inamuunguza yeye na inawaunguza wanaomsikiliza. Muache akae, mtembelee, mpikie, lundo litapoa lenyewe na siku moja ataongea bila kuombwa.

Kitalu, na kazi ngumu ya kutofukua

Kitalu tengeneza upana wa mita moja ili ufikie katikati bila kukanyaga, urefu kadri ya mbegu zako. Chora mistari sentimita 15 kutoka mmoja hadi mwingine, mbegu zilale kina cha sentimita moja tu, funika na udongo laini, alafu tandaza nyasi kavu juu. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo asubuhi na jioni. Zikianza kuchomoza, kwa kawaida siku ya tano mpaka ya nane, zile nyasi ziondoe mara moja, ukichelewa miche inakuwa myeupe na mirefu kama nyuzi inalala. Badala yake weka kichanja cha kivuli chepesi.

Hizo siku za kabla haijachomoza ndizo darasa kubwa kuliko yote kwa watoto. Siku ya tatu lazima mmoja ataanza.

"Mwalimu, mbona hazioti?"

"Zinaota, mwanangu."

"Tufukue moja tu tuone?"

Mwambie hapana, na mweleze kwa nini: ukiifukua kale kamzizi keupe kanakatika, na ile mbegu iliyokuwa hai umeiua wewe kwa kutaka kuhakikisha iko hai. Kisha fungua Marko 4:26 kuendelea, ule mfano mfupi ambao hauhubiriwi sana, mtu anamwaga mbegu, analala na kuamka usiku na mchana, mbegu inamea na kukua asivyojua yeye, "Maana nchi huzaa yenyewe, kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu katika suke." Analala! Yesu hakuona ubaya mkulima kulala. Amemwaga mbegu, amefanya lake, anapanda kitandani. Wazazi ambao kila siku mnamhoji kijana wenu kama anasali, anasoma neno, ameacha marafiki wale, huko ni kufukua. Mwagilia, tia kivuli, ulale.

Na kuna kusubiri kwa muda mrefu zaidi ya siku nane. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 mmisionari mwenzake Rebmann akaja kuungana naye, wakahamia Rabai, na kwa miaka na miaka waliobatizwa walikuwa wachache mno kiasi kwamba mtu akiangalia kwa macho angesema kazi ya bure. Leo hesabu mwenyewe makanisa ya pwani na bara. Chembe ya ngano isipoanguka katika nchi ikafa, inakaa peke yake, Yohana 12:24. Mwenye kuanguka hakuona mavuno, hilo tulikubali kwanza kabla hatujaimba nyimbo za kuvuna.

Kukomaza miche, kisha kuihamisha

Miche ikiwa na wiki tatu mpaka nne, ina majani manne matano, urefu wa kama sentimita 10 hadi 15, iko karibu tayari. Wiki ya mwisho punguza maji na ondoa kivuli kidogo kidogo. Shina linakuwa gumu, jani linakuwa na kijani kizito, na mche ukienda shambani jua haliushangazi. Warumi 5:3 inaingia hapa, dhiki kazi yake ni kuleta saburi. Lakini tafadhali angalia vizuri kinachofanyika: anayepunguza maji ni mwenye bustani anayeijua miche yake na anaiangalia kila siku, na anapunguza, hakati. Wewe na mimi hatujapewa kazi ya kwenda kumwambia mgonjwa kitandani kwamba Mungu anamkomaza. Kazi yetu pale ni kumpelekea uji.

Hamisha jioni, jua limepoa. Kitalu kimwagilie kwanza kilowe, ng'oa mche pamoja na udongo wake, usiuvute kwa shina. Nafasi sentimita 60 kwa 50, kila shimo viganja viwili vya samadi iliyooza uchanganye na udongo. Nyanya ina siri moja nzuri, lile shina likifukiwa linatoa mizizi yenyewe, kwahiyo zamisha mche mpaka karibu na majani ya kwanza. Ukionekana mfupi usijali. Siku mbili tatu za kwanza utanyauka mchana, usipagawe, mwagilia na uache.

Kama kuna kijana wenu anaenda chuo au anahamia mji mwingine kutafuta kazi, hii hatua ifanyeni naye. Vijana wengi hawapotei kwa sababu ya chuo, wanapotea kwa sababu waling'olewa bila udongo, wakafika kule hawajui mtu, hawajui pa kusali, na zile wiki mbili za kwanza za kunyauka hakuna aliyewamwagilia. Kabla hajapanda basi, tafuteni namba ya mtu mmoja wa kanisa la kule ampokee. Hiyo ni kazi yenu, na ni rahisi, simu moja tu.

Sota na magugu

Asubuhi moja utakuta mche umelala chini, umekatwa usawa wa udongo kana kwamba mtu kapita na wembe. Huyo ni sota. Usimtafute kwenye majani, chimbua kwa kidole kuzunguka pale pale, sentimita mbili tatu chini utamkuta, kiwavi mnene wa rangi ya udongo, amejikunja duara hatikisiki, mchana analala usiku anakula. Muondoe kwa mkono kila asubuhi, na miche iliyobaki ikinge, kata chupa ya maji ya plastiki vipande vya mviringo, kila mche uvishe kimoja kikizama kidogo ardhini. Wimbo Ulio Bora 2:15 inaomba wakamatwe mbweha wadogo waiharibuo mizabibu, na yule adui wa Mathayo 13 alikuja watu walipolala. Waambie watu wako wataje kitu kidogo, kidogo kabisa, kinachokata sala zao usiku. Wengi watasema simu, na ni kweli, ila usiishie hapo maana simu imekuwa jibu la haraka la kufunika majibu mengine.

Magugu sasa. Kuna watu wanatumia mfano wa magugu na ngano kusema tusigusane, acha vyote vikue pamoja. Wengine wanageuka wapaliliaji wa kanisa zima, huyu hajaokoka, yule mnafiki. Someni mpaka mwisho, Yesu mwenyewe alieleza kwamba konde ni ulimwengu, na waliokatazwa kung'oa ni watumwa, wasije wakang'oa na ngano. Kwahiyo kuhusu watu wengine umekatazwa. Tuta la moyo wako ndilo uliloachiwa jembe, na hilo palilia mapema, gugu lenye majani mawili linatoka kwa vidole viwili, likichanua umeshachelewa, limemwaga mbegu za misimu mingine.

Baada ya palizi ya kwanza tandaza matandazo, nyasi kavu ambazo hazijatoa mbegu au majani ya migomba, unene wa kiganja, usigusishe shina. Kule Zimbabwe mkulima mmoja anaitwa Brian Oldreive kwenye miaka ya 1980 alikuwa anapata hasara mashamba yanakwisha, akaenda kuangalia msitu wa asili, akaona hakuna anayelima kule na udongo umefunikwa na majani siku zote. Akaanza kulima vile na kuwafundisha wengine, wakristo wengi Afrika wanaifuata njia hiyo, na yale matandazo wanayaita blanketi la Mungu. Ukishayaweka utaona mwenyewe maji yanakaa na magugu yanapungua.

Maji

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna siku utageuza nyanya ya kijani nzuri kabisa, juu haina doa, chini kwenye kitako kuna duara jeusi limedidimia, gumu kama ngozi. Watu wanakimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Sio ukungu. Inaitwa kuoza kitako, na mara nyingi sababu ni maji ya vipindi: siku nne hakuna, siku ya tano mafuriko, siku sita hakuna. Madini ya kalsiamu yanasafiri na maji kwenda kwenye tunda, maji yakikatika katika tunda linakosa, na sehemu iliyo mbali zaidi na kikonyo ndiyo inayokufa. Udongo unaweza kuwa na kalsiamu ya kutosha kabisa na tunda bado likaoza.

Dawa yake ni kumwagilia kwa kiasi na kwa mpango, asubuhi, kwenye shina sio kwenye majani, maana majani yakilala na maji unaita ukungu wa kweli. Na nyanya hiyo iliyooza usiitupe kabla hujaionyesha kwenye jumuiya. Pitisheni mkono kwa mkono kila mtu ageuze aone kitako. Hivi ndivyo tunavyoishi wengi, mkesha mkubwa wa mwisho wa mwezi, tumelia, tumefunga siku tatu, kisha wiki tatu kimya hata sala ya chakula hatukumbuki, alafu semina imekuja tena mafuriko. Neno kanisani kwetu lipo, la kutosha, ila halitufikii kule chini. Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku na sheria ilipotoka akaendelea kama alivyokuwa akifanya tokea hapo. Anza na robo saa ya asubuhi, zaburi moja na sala, kila siku, kabla hujatafuta mkesha mwingine. Siipingi mikesha. Ila nyanya haikunywa mwezi mzima kwa usiku mmoja.

Kupogoa

Kwanza ujue aina yako. Zile fupi kama Cal-J na Roma hazihitaji kupogolewa sana, ukizikata kata unapunguza mazao. Zinazorefuka kama Moneymaker ndizo za kupogoa na kufunga kwenye mti. Angalia pale jani linapoungana na shina, kwenye kwapa, patatoka kichipukizi. Kivunje kwa vidole kikiwa na urefu wa kidole kidogo, asubuhi kidonda kikauke mchana. Kama unavuta sigara nawa mikono kwa sabuni kwanza, tumbaku inabeba virusi vinavyoingia kwenye nyanya.

Mguso wa somo uko kwenye kile kichipukizi chenyewe. Kishike mkononi. Ni kizima, kijani, kina afya kuliko hata majani ya chini, na ukikiacha kitachanua. Watu huwa wanasema jamani si tukiache tu. Yohana 15:2 inasema kila tawi lizaalo hulisafisha ili lizidi kuzaa, yaani kinachokatwa hapo kiko kwenye tawi linalozaa. Mama yupo kwaya, yupo umoja wa wanawake, ni mhasibu wa kamati ya ujenzi, ana vicoba viwili, anafundisha sande skuli, na nyumbani watoto wanamuona usiku. Vyote ni vizuri. Ndo maana haviachiki, hakuna dhambi ya kutubu pale. Wachungaji na viongozi, hili ni letu zaidi, tusimpe mtu jukumu la tano kwa sababu tu hajui kukataa.

Kufunga kwenye mti: kamba ya katani au kitambaa, zungusha kama namba 8 kati ya mti na shina, legeza, shina litanenepa. Sina somo hapa, funga tu vizuri.

Ukikosa

Mwaka 2014 aliingia Tanzania mdudu ambaye wakulima walimpa jina kantangaze, maana anakutangaza kwa majirani, shamba zima linakuwa kahawia kama limepitiwa na moto. Kipepeo wake ni mdogo wa kijivu, viwavi wanachimba ndani ya jani na ndani ya tunda. Chuma majani yaliyochimbwa mapema uyachome au uyafukie kwa kina, weka mitego ya harufu inayovuta madume, masalia ya msimu uliopita usiyaache shambani, na dawa ya dukani badilisha aina maana anazoea. Unaweza kufanya yote na bado ukapoteza.

Hapa ndipo lazima niseme kuhusu mahubiri ya panda mbegu. Yanatumia lugha ya shamba, lakini naona hayajawahi kukaa shambani. Toa elfu hamsini utavuna laki tano, usipovuna imani yako ndogo. Mkulima yeyote anajua unaweza kupanda sawa, kumwagilia sawa, na usivune. Wagalatia 6 wanaposoma apandacho mtu ndicho atakachovuna, mstari unaofuata unasema ni kupanda kwa mwili au kupanda kwa Roho. Na 2 Wakorintho 9 ni kweli inahusu utoaji, haba na ukarimu, ila ile ilikuwa changizo kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, na Paulo ananukuu kabisa, ametapanya, amewapa maskini. Mama muuza mboga anayepeleka ada ya mtoto madhabahuni akiahidiwa mara kumi, huyo ameibiwa, na aliyemuibia amemtumia Mungu kama jina la kampuni.

Tuta likiungua, kaeni hapo hapo kwenye tuta lililoungua msome Habakuki 3:17-18 kwa sauti, mtini hautachanua, mizabibuni hamna matunda, mashamba hayatatoa chakula, zizini hamna kundi, "Walakini nitamfurahia BWANA." Msiruke mistari ya juu kukimbilia walakini. Someni hasara yote kwanza, mmoja mmoja, na kama kuna mtu anataka kulia alie.

Mavuno

Nyanya zitaanza kuiva kama miezi miwili na nusu mpaka mitatu baada ya kuhamisha. Chuma asubuhi umande ukikauka, geuza kidogo kikonyo kibaki, usitupie kwenye ndoo, panga. Za sokoni chuma zikianza kubadilika rangi, za nyumbani acha ziive kwenye mti, utamu wake ni mwingine kabisa. Kikapu cha kwanza kipelekeni kama malimbuko, Kumbukumbu la Torati 26, na mkipeleka semeni kwa maneno Mungu amewatoa wapi, ndivyo ile sura inavyotaka, sio kuweka tu na kuondoka. Kisha Walawi 19:9-10, usivune mpaka pembeni. Acheni mstari mmoja wa mwisho bila kuchuma, waambieni majirani wasio na bustani waje wachume wenyewe. Waje wenyewe, hiyo ni muhimu, kuchuma kwa mkono wako hakukudhalilishi kama kupewa mbele za watu huku unapigwa picha.

Mbegu ya msimu ujao: kama ulipanda chotara usikamue mbegu zake, watoto wake hawafuati mama, utapata mchanganyiko. Kama ni mbegu ya kawaida chagua tunda bora kwenye mche bora, kamua kwenye kopo, acha lichachuke siku mbili tatu, zile mbegu nzima zitazama, osha, anika kivulini juu ya sahani. Wakati mnaosha someni Waamuzi 2:10, kikainuka kizazi kingine kisichomjua BWANA, na kila mzazi aseme ni nani alimfundisha yeye kusali na yeye amemfundisha nani.

Mabua ng'oeni yote, yenye ugonjwa chomeni. Msimu unaofuata kwenye tuta hilo msipande nyanya tena, wala bilinganya, pilipili, nyanya chungu au viazi mviringo, zote ni ukoo mmoja na zinarithishana magonjwa. Wekeni maharage, yanarudisha naitrojeni kwenye udongo, alafu hata mvulana wa miaka mitano anaweza kuyapanda mwenyewe, punje mbili kila shimo.